Bar Mleczny: Jiko la Umma la Warsaw

Mtu akiniuliza akale wapi chakula cha asili cha Kipolandi akiwa Warsaw, simtumi Mji Mkongwe. Huko kuna migahawa mizuri, na wahudumu waliovaa sketi zenye tarizi za maua watamletea supu chachu ya żurek ndani ya mkate uliotobolewa katikati. Ni chakula kitamu, sikatai. Lakini mimi humwelekeza kwenye bar mleczny, yaani mgahawa wa maziwa. Atakuta chumba cheupe chenye meza za kawaida kabisa, bei zimeandikwa ubaoni ukutani, na foleni inaanzia mlangoni. Katika foleni hiyo yumo bibi mstaafu, yumo fundi bomba mwenye suruali iliyochafuka, yumo mwanafunzi, na nyuma yao amesimama wakili mwenye tai. Wote wanasubiri zamu. Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa Warsaw aanzie hapo.

Mimi nilifika Polandi mwaka 1983, kijana wa Kimeru mwenye barua ya ufadhili wa masomo mfukoni. Kwanza nilipelekwa Łódź, kwenye chuo ambacho tangu mwaka 1952 kilikuwa kikiwafundisha wageni lugha ya Kipolandi kabla hawajasambazwa vyuo vingine. Kisha nikahamia Politechnika ya Warsaw kusomea uhandisi wa mitambo. Nilikuwa nimeacha nyumbani Tanzania, nchi ya foleni: sukari ya kupimiwa, sabuni ya kutafutwa kwa kujuana, duka la umma la RTC linafunguliwa na rafu zake tupu, na ugali wa unga wa njano tuliouita unga wa Yanga. Nikashuka kwenye nchi nyingine ya foleni. Nyama iliuzwa kwa kadi maalumu, na watu walisimama nje ya bucha tangu alfajiri, kwenye theluji. Utawala wa kijeshi uliotangazwa tarehe 13 Desemba 1981 ulikuwa umeondolewa miezi michache tu kabla sijafika. Kwa hiyo mgahawa wa maziwa sikuujua kama kitu cha utalii. Niliujua kama mahali ambapo mwanafunzi mwenye posho ndogo aliweza kushiba bila kumwomba mtu.

Mgahawa wa kwanza wa aina hii ulifunguliwa mwaka 1896 katika barabara ya Nowy Świat. Wakati huo Polandi haikuwemo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana tangu mwishoni mwa karne ya 18, na Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mwenye wazo alikuwa Stanisław Dłużewski, mtu wa ukoo wa wenye mashamba na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Aliuita mgahawa wake Mleczarnia Nadświdrzańska, kwa jina la mto Świder, unaopita kusini-mashariki mwa jiji. Shambani kwake kulikuwa na maziwa. Mjini kulikuwa na watu waliohitaji mlo wa bei ndogo. Akauza maziwa, jibini, mayai na vyakula vya unga, bila nyama. Wateja wakaja, na wenye biashara wengine wakamwiga.

Polandi ilipopata uhuru tena mwaka 1918, migahawa hii iliendelea kuongezeka, na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ukaipa nguvu zaidi. Mtu aliyekosa kazi alipata kikombe cha maziwa na kipande cha mkate bila kuaibika. Kisha vikaja vita, na hapo historia ya Warsaw inakatika vipande viwili. Baada ya wananchi kuinua silaha dhidi ya Wajerumani kuanzia Agosti hadi Oktoba 1944, jeshi la Hitler liliwafukuza waliobaki hai na kubomoa jiji, nyumba kwa nyumba, kwa moto na baruti. Hata huo Mji Mkongwe ambao watalii huupiga picha leo ulijengwa upya kutoka kwenye kifusi baada ya vita.

Sasa fikiria serikali mpya ya kikomunisti mwaka 1947. Jiji ni vumbi la matofali. Maelfu ya vijana wanamiminika kutoka vijijini kuja kulijenga. Serikali hiyohiyo imetangaza vita dhidi ya biashara binafsi, na mmoja baada ya mwingine wenye maduka na mikahawa wanafunga. Nani atawapikia wajenzi? Viwanda vikubwa vilikuwa na kantini zake. Kwa wale ambao kazini kwao hapakuwa na kantini, dola na vyama vya ushirika kama Społem vilifungua migahawa ya maziwa, na hazina ya serikali ikalipia sehemu ya gharama ili bei ibaki chini. Wazo la mwenye shamba wa mwaka 1896 likawa chombo cha ujamaa.

Lakini kwa nini maziwa, unga na viazi, katika nchi inayopenda nyama ya nguruwe kiasi kile? Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani ni umaskini tu. Baadaye, nilipoisoma historia yao, niliona kwamba nyama ilikuwa kitu kilichoweza kuwaangusha watawala. Mwaka 1959 serikali iliamuru mikahawa isipike nyama siku za Jumatatu. Desemba 1970 ilipandisha bei za vyakula siku chache kabla ya Krismasi. Wafanyakazi wa bandari za Baltiki wakaandamana, askari wakawafyatulia risasi, makumi ya watu wakafa, na kiongozi wa chama, Władysław Gomułka, akaondolewa. Mwaka 1976 watawala walijaribu tena kupandisha bei, na wafanyakazi wa Radom na Ursus wakagoma. Julai 1980 serikali ikagusa tena bei ya nyama, migomo ikasambaa, na kufikia Agosti, kwenye uwanja wa meli wa Gdańsk, ikazaliwa Mshikamano, jumuiya ya wafanyakazi ambayo miaka tisa baadaye iliumaliza utawala wa chama kimoja. Dola iliyoiogopa nyama namna hiyo ililazimika kuwashibisha watu wake kwa kitu kingine. Ikawashibisha kwa uyoga, kabichi, mayai, jibini nyeupe na unga wa ngano. Mgahawa wa maziwa ulikuwa jibu lake.

Na jibu hilo, bila wakubwa kukusudia, lilihifadhi mapishi ya wakulima. Mikahawa ya kifahari ya wakati ule ilijitahidi kufanana na Paris. Bibi wa mgahawa wa maziwa alipika alichopika mama yake kijijini.

Mfano mzuri ni pierogi ruskie, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi vilivyopondwa, jibini nyeupe na kitunguu. Leo mgeni ataambiwa hicho ndicho chakula cha taifa zima. Asili yake hasa ni nchi za mashariki, upande wa Lwów, ambao sasa ni Lviv ya Ukraina. Mwaka 1939 Umoja wa Kisovieti uliteka upande huo, na baada ya vita mipaka ikasogezwa. Wapolandi wa huko waliambiwa wafunge mizigo, wakapakiwa kwenye magari moshi na kupelekwa magharibi, Wrocław na kwingineko, kwenye nyumba ambazo Wajerumani walikuwa wameondolewa. Walifika na watoto, vyungu na mapishi yao. Migahawa ya umma ikayapokea mapishi hayo kwa sababu yalihitaji vitu vilivyopatikana, na baada ya muda nchi nzima ikawa inakula chakula cha watu waliopoteza kwao.

Hapa nina sababu yangu mwenyewe ya kusimama kidogo. Nimezaliwa chini ya mlima Meru, karibu na Tengeru, na tangu utotoni niliyajua makaburi ya Wapolandi. Yapo karibu 150, yamezungushiwa ukuta, yana misalaba na majina ambayo hatukuweza kuyatamka. Hao walikuwa watu wa mashariki hiyohiyo. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya Wapolandi hadi Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoishambulia Urusi, walionusurika wakafunguliwa. Jenerali Władysław Anders akakusanya jeshi kutoka miongoni mwao, na mwaka 1942 akalitoa kupitia Iran pamoja na wanawake na watoto. Waingereza wakawagawa wakimbizi hao kwenye makoloni yao. Tengeru ilipokea wapatao 5,000. Wengine walipelekwa Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro, na Uganda wakawekwa Koja na Nyabyeya, karibu na Masindi, ambako kanisa walilolijenga bado limesimama.

Bibi yangu, mama mzaa mama, alikuwa akipeleka ndizi na maziwa kambini. Alitusimulia kwamba wanawake wa Kipolandi waliyaacha maziwa yagande, wakayafunga kwenye kitambaa na kuyaning'iniza mpaka maji yote yakatoka. Sisi watoto tuliona ni uharibifu wa maziwa. Siku nilipouma pierogi kwa mara ya kwanza na kukuta ule uchachu mwepesi ndani yake, nilijua wale wanawake walikuwa wakitafuta nini Tengeru. Vita vilipokwisha wengi wao hawakuwa na pa kurudi, maana vijiji vyao vilikuwa sasa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia.

Turudi Warsaw ya miaka ya 1980. Utaratibu ulikuwa huu, na bado ndio huu. Unasoma ubao. Unamwendea keshia, unataja unachotaka, unalipa, unapewa risiti. Risiti unaipeleka kwenye dirisha la jiko, mama mwenye aproni nyeupe anaichukua, anageuka na kupaza sauti kwa wenzake. Unasubiri ukiwa umesimama. Chakula kikiwa tayari linatajwa jina lake, si lako, kwa hiyo ni lazima uikumbuke oda yako na uielewe lugha. Kipolandi changu cha Łódź kilikuwa cha vitabuni. Cha kuishi nacho nilijifunza kwenye dirisha hilo, nikisikiliza kama ni naleśniki zangu zilizoitwa au ni za mtu mwingine. Wale akina mama hawakuwa na muda wa kutabasamu. Mmoja, katika mgahawa nisioutaja, aliniita mbele ya foleni nzima arudie kunisahihisha namna ya kutamka jina la supu, mpaka nilipolipatia, ndipo akanipa bakuli. Kila nilipokwenda tena aliniongezea kijiko cha ile krimu chachu wanayoiita śmietana, bila kusema neno.

Uma na vijiko vilikuwa vya alumini, vyepesi, vinapinda kirahisi. Mwaka 1981 mwongozaji Stanisław Bareja alitoa filamu iitwayo Miś, yenye sehemu ambayo wateja wanakula kwenye bakuli zilizokazwa mezani kwa skrubu na vijiko vilivyofungwa kwa mnyororo. Mpaka leo Wapolandi wengi wakisikia bar mleczny hukumbuka sehemu hiyo. Mimi sikuwahi kuona bakuli la skrubu. Niliona madirisha yaliyofunikwa na mvuke wakati nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri, na wazee waliokula taratibu ili wakae kwenye joto.

Na tulikula nini? Asubuhi, supu ya maziwa yenye tambi au wali ndani yake, ambayo Mtanzania huizoea polepole. Mchana, supu ya nyanya, au barszcz ya bitiruti, au żurek iliyopikwa kwa unga wa rai uliochachushwa siku kadhaa, na nusu ya yai lililochemshwa ikielea juu. Kisha kasza gryczana, nafaka ya kahawia yenye harufu ya moshi, inayoliwa na maziwa ya mgando. Kopytka za viazi. Chapati nyembamba za naleśniki zenye jibini tamu. Placki, viazi vilivyokunwa na kukaangwa mpaka kingo zikauke. Yai la kukaanga juu ya viazi vilivyonyunyiziwa majani mabichi ya koper. Kwa mlo huo peke yake nilimaliza mtihani wa thermodinamiki. Na kila mara, glasi ya kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa, na matunda yenyewe yakiwa chini ya glasi. Kiangazi kilipofika ubao ulibadilika: chłodnik, supu baridi ya bitiruti na maziwa chachu yenye rangi ya waridi, na pierogi zilizojazwa jagody, matunda madogo meusi ya msituni yanayopaka meno rangi ya zambarau.

Siku moja niliingizwa jikoni kusaidia kubeba gunia la viazi, nikaona pierogi zikitengenezwa. Wanawake wanne walikuwa mezani. Wa kwanza alisukuma unga uliokandwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka ukawa mwembamba. Wa pili alikata miduara kwa mdomo wa glasi. Wawili waliobaki walijaza, wakakunja na kubana kingo kwa vidole, haraka kuliko nilivyoweza kufuata kwa macho, huku wakizungumzia kadi za nyama na watoto wao. Pierogi hutupwa kwenye maji yanayochemka, zikielea zimeiva, juu yake humwagiwa kitunguu kilichokaangwa. Ni kazi ya mikono mitupu, na ndiyo maana nawaheshimu wale akina mama kama ninavyowaheshimu mama ntilie wa kwetu: wote wanabeba mji mgongoni kabla jua halijachomoza, na majina yao hayaandikwi popote.

Mwaka 1989 utawala ukabadilika, na mwaka uliofuata soko likafunguliwa kwa kishindo. Bei zikapaa, kodi za majengo zikapanda, hamburger na piza zikaingia. Migahawa mingi ya maziwa ikafilisika, na vijana waliopata pesa walitaka kusahau harufu ya kabichi na alumini. Iliyobaki ilibaki kwa sababu mbili. Serikali haikuifuta ruzuku: mpaka leo hazina hurudisha sehemu ya gharama ya malighafi kwa vyakula visivyo na nyama. Na wateja wenyewe, hasa wastaafu na wanafunzi, hawakuiacha.

Tukio la Prasowy linaonyesha hilo vizuri kuliko takwimu yoyote. Mgahawa huo wa barabara ya Marszałkowska ulifunguliwa mwaka 1954, na kutoka Politechnika ni mwendo mfupi kwa miguu. Mwaka 2011 ulifungwa. Desemba mwaka huohuo kikundi cha wanaharakati kiliingia ndani, kikawasha majiko, kikapika na kuwapa watu chakula, mpaka polisi walipokuja kuwatoa. Kelele zilizofuata hazikuzimika. Halmashauri ya jiji ikatafuta mwendeshaji mpya kwa sharti kwamba pabaki mgahawa wa maziwa, na mwaka 2013 Prasowy ukafunguliwa tena. Wengi wa walioupigania walikuwa vijana ambao hawakuwahi kushika kadi ya nyama.

Mwaka 2015 pakazuka ugomvi mwingine. Kanuni mpya za ruzuku zilitaja orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kwenye chakula kinacholipiwa na serikali, na viungo vingi, hata pilipili manga, havikuwemo. Ukitia pilipili manga kwenye supu, unaweza kupoteza ruzuku. Wapishi walikasirika, magazeti yakaandika, na kanuni ikarekebishwa. Nilifurahi. Mkulima wa Polandi alikuwa maskini, lakini supu yake aliitia viungo.

Nasikia watu wakisema ruzuku hiyo ni mabaki ya ukomunisti na ingefaa ife. Sikubaliani nao. Nchi hiyo imejenga barabara kuu na majengo marefu ya vioo, na bado inaona kwamba mzee mwenye pensheni ndogo anastahili kukaa mezani, si kupewa mfuko wa msaada mlangoni. Analipa, anapewa risiti, anasubiri zamu yake kama wakili. Sisi tuliokuwa na maduka ya umma tuliyafunga bila kujiuliza lipi lilikuwa bovu na lipi lilikuwa jema. Wapolandi angalau jambo hili moja walilichambua.

Kwa hiyo ukifika Warsaw, nenda Prasowy kwanza. Ukiwa katikati ya jiji, tafuta Bambino kwenye mtaa wa Krucza. Ukiwa umechoka kutembea Mji Mkongwe, Pod Barbakanem uko hatua chache nje ya ukuta wa ngome, mtaa wa Mostowa. Vuka mto Vistula uingie Praga, sehemu ambayo vita havikuibomoa yote, ukale Rusałka au Ząbkowski pamoja na wenyeji. Na mgahawa wa Gdański uko kwenye barabara yenye jina la Jenerali Anders, huyohuyo aliyewatoa watoto wa Tengeru kwenye baridi ya Siberia. Mtanzania akila pierogi hapo, amkumbuke.

Usitegemee menyu ya Kiingereza kila mahali. Mwonyeshe keshia kwa kidole sahani ya mtu aliye mbele yako, ataelewa. Kama ni kiangazi, agiza za jagody. Migahawa mingi hufungwa mapema jioni, na mwisho wa wiki saa hupungua, basi nenda mchana. Ukimaliza, hakuna atakayekuja kukuondolea vyombo: beba sahani yako, uirudishe dirishani, na umshukuru aliyepika.